Livingstone, nyota na mto wetu Ruzizi



Kijana mmoja wa kanisa letu, mwanafunzi wa sekondari, amepata darubini ndogo iliyokwisha kutumika na wengine. Miguu yake ilivunjika zamani, kwa hiyo anaifunga kwa kamba kwenye mti wa avoka uani kwao, mlimani Kadutu. Usiku umeme unapokatika, nao hukatika mara nyingi, mtaa wote unakuwa giza na mbingu inajaa nyota kuanzia upande wa ziwa mpaka juu ya milima. Wenzake wa korali walianza kwenda kuchungulia mwezi. Hazikupita wiki mbili, mzee mmoja wa kanisa akatujia na wasiwasi. Alitaka kujua kama ni halali Mkristo kukesha akitazama nyota, maana katika Isaya 47 nabii anawadharau watazama nyota wa Babeli, na katika Kumbukumbu la Torati 4 Waisraeli wanakatazwa kuliinamia jua na mwezi.

Hatukumcheka mzee. Anaishi mahali tunapoishi sisi sote. Tunasikia habari za watu wanaotozwa pesa ili nyota yao isafishwe, au nyota ya mtoto wao ambayo eti imeibiwa na jamaa, na wanaotoza si waganga peke yao. Wengine wanashika Biblia mkononi. Mtu aliyeona jirani yake akiuza mbuzi kwa ajili ya biashara hiyo ana haki ya kuogopa akiona vijana wamezunguka chombo cha nyota. Tulimwambia kwamba kupima nyota na kuuliza nyota ni mambo mawili, lakini jibu fupi namna hiyo halishibishi. Basi tukamwahidi kuandika maisha ya mtu mmoja ambaye makanisa yetu yanamjua kama mmisionari, wachache wanamjua kama mtazama nyota, na ambaye alifika karibu na mlango wetu bila kuingia. Huyo ni David Livingstone.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti, katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Akiwa na miaka 10 aliingia kiwandani. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi ikaisha saa mbili usiku, kisha akaenda shule ya usiku mpaka saa nne. Katika mshahara wake wa kwanza alitoa sehemu akanunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Mchana aliweka kitabu juu ya mashine ya kusokota nyuzi, akasoma sentensi moja kila alipopita mbele yake.

Baba yake, Neil, alikuwa mcha Mungu, muuza majani ya chai na mwalimu wa shule ya Jumapili. Alitaka mtoto asome vitabu vya dini tu. Vitabu vya sayansi aliviogopa, akidhani vitamtoa kijana katika imani. Siku David alipokataa kusoma kitabu cha Wilberforce juu ya maisha ya Kikristo, baba alimchapa fimbo, na ikawa mara ya mwisho. Tunalitaja jambo hili kwa sababu nyumba za namna hiyo ziko pia hapa Bukavu, na baadhi ya watoto wake hatuwaoni tena kanisani.

David hakuondoka kanisani, na kati ya waliomsaidia kubaki yumo mtazama nyota mmoja. Jina lake ni Thomas Dick, mtoto wa mfumaji nguo wa Dundee. Mwaka 1783, akiwa na miaka 8 au 9, Dick aliona kimondo kikubwa kikikata mbingu, na tangu siku ile hakuacha kutazama juu. Angali kijana alisugua vioo vya miwani ya zamani akajitengenezea darubini. Alisomea uchungaji, akafundisha shule miaka mingi, kisha mwaka 1827 akajenga nyumba yake juu ya kilima huko Broughty Ferry, karibu na Dundee, akatenga chumba maalum kwa darubini zake. Hapo aliandika vitabu kwa ajili ya watu wa kawaida, akifundisha kwamba aliyeziumba nyota ndiye aliyetoa Maandiko. Mahali pengine alizidi kipimo. Aliamini sayari zote zina wakaaji, akafika hata kukadiria idadi yao, jambo ambalo hakuna darubini iliyomwonyesha. Lakini David, akiwa na miaka karibu 20, alisoma vitabu vyake viwili, kimoja juu ya falsafa ya dini na kingine juu ya maisha yajayo, akaona kwamba alichokuwa akikiamini moyoni kina mtetezi: sayansi na imani si maadui. Ni katika kipindi hicho alijitoa kwa Kristo. Baadaye alisomea utabibu Glasgow, akapokelewa na London Missionary Society, akawekewa mikono mwezi Novemba 1840.

Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo alipanda meli iitwayo George kwenda Afrika Kusini. Nahodha wake, Donaldson, alimwonea kijana huyu upendo, akamfundisha kupima nyota na mwezi kwa kipima-pembe cha mabaharia. Walikesha pamoja sitahani mpaka usiku wa manane. Kwa hiyo Livingstone alianza kujifunza kazi hii kutoka kwa mwanamaji, kabla hajamhubiria Mwafrika hata mmoja.

Miaka ya kwanza katika nchi ya Watswana tunaipita haraka. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari wa Kuruman. Mwaka 1848 alimbatiza chifu Sechele, na huyo ndiye mwongofu anayejulikana wa kazi yake yote. Sisi wachungaji tunaohesabu watu kila Jumapili na tulikumbuke hilo.

Mwaka 1852 unahitaji tusimame. Mwezi Aprili alimsindikiza Mary na watoto wao wanne bandarini Cape Town, wakapanda meli kwenda Uingereza ili yeye aende ndani ya bara bila wao. Kisha, katika wiki zilizofuata, akaenda kwa Thomas Maclear, mkuu wa kituo cha kutazama nyota cha Cape, kujifunza kwa bidii kile nahodha alichokianza. Mambo hayo mawili yalifuatana. Mtu huyu alijua kupima umbali kati ya mwezi na nyota kwa usahihi wa ajabu, na watoto wake walikua bila kumjua. Mwana wake mkubwa, Robert, alikufa mwaka 1864 katika vita vya Marekani. Mary mwenyewe alikufa kwa homa mwaka 1862 huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, alipokuwa amemfuata mumewe. Hatuwezi kulifunika jambo hili kwa neno utumishi.

Alipoanza safari ile kubwa, mizigo yake ilikuwa michache. Alikuwa na sekstanti, yaani kile chombo cha kupimia pembe kati ya nyota na upeo wa macho. Alikuwa na saa maalum ya Dent wa London, ambayo mshale wake wa sekunde uliweza kusimamishwa papo hapo. Alikuwa na dira mbili, kipimajoto, na darubini ndogo nzuri ambayo kishikizo chake kiliweza kuskrubiwa kwenye mti. (Kijana wetu wa Kadutu alifurahi sana kusikia habari ya mti.) Katika sanduku la vitabu vilikuwamo vitabu vitatu tu: almanaka ya mabaharia, majedwali ya logarithimu, na Biblia. Almanaka ilimwambia mahali mwezi utakapokuwa kila siku ya mwaka. Hakuna ukurasa wake uliomwambia kama atafanikiwa au atakufa, wala yeye hakuuliza.

Tueleze kidogo kazi yenyewe, kwa sababu ina uzuri wake na pia inajibu swali la mzee wetu. Baharini mabaharia hupima nyota juu ya mstari wa maji. Barani hakuna mstari huo. Kuna milima na miti. Msafiri humwaga zebaki katika sinia ndogo, nayo hutulia kama kioo. Nyota huonekana juu mbinguni na tena chini ndani ya sinia. Anapima pembe kati ya hizo mbili, anaigawa mara mbili, na amepata urefu wa nyota. Kutokana na urefu huo nyota inapopita juu kabisa, anajua yuko umbali gani kutoka ikweta, yaani latitudo yake. Kwa nini asitumie jua la saa sita? Kwa sababu huku kwetu liko juu mno. Hapa Bukavu, digrii 2 na nusu kusini ya ikweta, jua la mchana haliteremki chini ya digrii 64 siku yoyote ya mwaka, na pembe ikikuzwa mara mbili katika zebaki inapita uwezo wa sekstanti ya kawaida. Mtu anayetaka kujua alipo katika nchi zetu hana budi kungoja usiku. Akilala mapema kwa uchovu, amepoteza siku hiyo kwenye ramani.

Latitudo ni rahisi. Longitudo, yaani umbali wa kwenda mashariki au magharibi, ndiyo iliyowatesa wasafiri wote. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa. Ukijua ni saa ngapi hapo ulipo na ni saa ngapi Greenwich wakati uleule, umejua longitudo yako. Saa ya mfukoni inaweza kubeba wakati wa Greenwich, lakini ikichelewa au ikianguka inakudanganya. Kuna saa nyingine isiyoanguka, nayo ni mwezi. Mwezi hutembea kati ya nyota karibu upana wake mwenyewe kila saa, na almanaka ilionyesha umbali wake kutoka nyota fulani kwa kila saa tatu za Greenwich. Basi Livingstone alipima umbali kati ya mwezi na nyota, kisha akaketi na logarithimu zake akafanya hesabu ndefu kwa mwanga wa mshumaa, mara nyingi akiwa na homa. Kosa la sehemu moja ya 60 ya digrii katika kipimo hicho linahamisha kituo karibu kilomita 55. Ni kama kuing'oa Bukavu na kuiweka ng'ambo ya Walungu.

Kwa njia hiyo alifika Luanda, pwani ya Angola, tarehe 31 Mei 1854, akiwa mgonjwa. Angeweza kupanda meli kurudi kwao. Lakini alikuwa na watu 27 waliotoka naye katika nchi ya Wamakololo, na alikuwa ameahidi kuwarudisha nyumbani. Akarudi nao. Meli iliyobeba barua na ramani zake ikazama karibu na Madeira, naye akaketi Angola akaandika upya yote. Mwaka 1855 aliona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, na mwezi Mei 1856 akafika Quelimane, pwani ya Msumbiji. Maclear alikagua vipimo vyake na kuvisifu sana. Uingereza ilimpokea kama shujaa.

Safari yake ya mwisho ndiyo inayotuhusu sisi wa mashariki ya Kongo. Alitoka Zanzibar mwezi Machi 1866 akitafuta chanzo cha mto Nile na njia ya kuukomesha utumwa. Mwezi Januari 1867, katika njia za utelezi, mvulana aliyebeba saa zake aliteleza akaanguka nazo. Wengine wamemlaumu mvulana. Sisi tunaona kwanza mtoto peku, mzigo kichwani, matope na mvua. Tangu hapo longitudo za Livingstone zilipotoka. Siku chache baadaye watoro waliiba sanduku lake la dawa, naye aliona jambo hilo kama hukumu ya kifo.

Mwaka 1869 aliingia Maniema. Vidonda vya miguu vilimfunga Kabambare miezi mingi. Alisema kwamba akiwa Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Karatasi zilikwisha, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea. Na chakula chake, tuseme ukweli, kilitoka mara nyingi katika misafara ya wafanyabiashara wa watumwa. Mtu aliyeuchukia utumwa kuliko wote aliishi kwa ukarimu wa wauza watu, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kusonga mbele. Sisi tuliopita nyakati ambapo msaada ulitoka kwa mikono tusiyoipenda hatutakuwa wepesi kumhukumu.

Mwaka 1871 alifika Nyangwe, kando ya Lualaba. Alikaa hapo miezi akitaka mtumbwi wa kushuka na mto, maana aliamini Lualaba ndio Nile. Soko la Nyangwe lilimfurahisha, wanawake wengi na samaki, kuku na chumvi. Tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara wakafyatua bunduki sokoni. Wanawake wakajitupa mtoni, mitumbwi ikapinduka, mamia wakafa mbele ya macho yake. Hakuwa na nguvu ya kuzuia. Aliandika alichokiona, na taarifa yake ilipofika Uingereza iliongeza moto chini ya serikali, mpaka Sultani wa Zanzibar akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa mwezi Juni 1873.

Alirudi Ujiji kama mifupa inayotembea. Muda huo alikuwa amepotea katika hesabu ya siku. Henry Morton Stanley alipomkuta hapo, mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba 1871, tarehe za mmoja na za mwingine hazikulingana, na mpaka leo waandishi wanabishana ilikuwa siku gani.

Mwezi huo wa Novemba wawili hawa walipanda mtumbwi na kupiga kasia kuelekea kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ili kujua jambo moja. Mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, basi Tanganyika inamwaga maji yake kaskazini, na huenda ni chanzo cha Nile. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wamegombana juu ya hilo kwa miaka. Livingstone mwenyewe alielekea kuamini kwamba Tanganyika inaungana na maziwa ya kaskazini. Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira mwaka 1858, wakaambiwa na wenyeji kwamba Ruzizi unaingia ziwani. Wenyeji walikuwa na haki, lakini neno lao halikutosha Ulaya.

Hapo vyombo vya nyota havikuwa na kazi. Sekstanti inaweza kukuambia mdomo wa mto uko digrii ngapi, haikuambii maji yanakwenda wapi. Ilibidi kuingiza mtumbwi mtoni na kuona. Wakaingia, na mkondo ukawajia usoni. Ruzizi unaingia. Mtawala mmoja wa pale aliwaambia pia kwamba mto huo unatoka kwenye ziwa dogo lililoko juu, liitwalo Kivo. Hivyo jina la ziwa letu lilitua masikioni mwa Livingstone na Stanley. Hawakupanda. Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya bahari, Tanganyika karibu mita 770, na kila aliyepita barabara ya Ngomo kuteremka Kamanyola anajua kwa tumbo lake maana ya tofauti hiyo. Mzungu wa kwanza kuliona ziwa letu, von Götzen, alikuja mwaka 1894.

Sisi tumesimama mara nyingi pale ambapo Ruzizi unaacha ziwa, tukitazama maji yanavyoanza kwenda bila kelele, na tumewaza juu ya mtu huyu kule chini akigeuza mtumbwi wake. Aliukubali ukweli wa Ruzizi mara moja, ingawa ulivunja wazo lake. Lakini wazo la Lualaba hakuliachia. Stanley alimwomba warudi pamoja Uingereza, akakataa. Alikuwa na miaka 58, meno mengi yameng'oka, mwili umevuja damu miezi mingi, na bado alisema lazima azunguke kusini athibitishe kwamba Lualaba ni Nile. Tumemheshimu tangu shule ya Jumapili, na hapa tunaona ugumu wa shingo ambao tunaufahamu kwa viongozi wa kanisa, sisi tukiwemo. Uaminifu wake kwa nyota ulikuwa kamili. Kwa mto alikuwa na tumaini alilolipenda mno.

Agosti 1872 aliondoka karibu na Tabora kwenda kusini. Mwanzo wa 1873 mvua zilimkuta katika mabwawa ya Bangweulu. Mawingu yalifunga mbingu siku nyingi, hakuweza kupima, na vipimo vyake vya 1868 mahali hapo vilifanywa na saa zile zilizoanguka. Alizunguka majini akibebwa mabegani, akitafuta kingo za ziwa ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelichora. Mwisho wa Aprili walimfikisha kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Alfajiri moja, karibu na tarehe 1 Mei 1873, watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Waliobaki ndio walioamua. Chuma na Susi, pamoja na wenzao, walizika moyo wake chini ya mti. Jacob Wainwright, Mwafrika aliyesoma shule ya misheni huko India, alisoma ibada na kuchonga jina kwenye gome. Wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, pamoja na madaftari na vyombo vya nyota. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Vyombo havikufika vyote. Karibu na Tabora, mwezi Oktoba 1873, msafara wa Chuma na Susi ulikutana na Luteni Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo, wakakataa. Alichukua sehemu kubwa ya vyombo vya marehemu kwa safari yake mwenyewe. Mwaka 1874 msafara wake ulifika Nyangwe, palepale Livingstone alipongojea mtumbwi, na Cameron akapima kimo cha Lualaba juu ya bahari. Alikuta mto uko chini kuliko Nile ilivyo huko Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Lualaba haukuweza kuwa Nile, ulikuwa Kongo.

Miaka mitatu baadaye Stanley aliushuka mto huo mpaka Boma, na nyuma yake akaja Leopold wa Ubelgiji na mambo ambayo mababu zetu waliyalipa kwa mikono na kwa damu. Ramani zilizopimwa kwa nyota zilitumika pia kwa kazi hiyo. Livingstone hakuishi kuyaona.

Mzee wetu alisomewa maandishi haya kabla hatujayatuma. Kuhusu Babeli ameridhika. Jumamosi iliyopita alikwenda mwenyewe Kadutu na kusimama kwenye foleni ya watoto chini ya mti wa avoka, lakini mawingu yaliifunika sayari ya Jupita kabla zamu yake haijafika, na atarudi. Kinachomsumbua sasa ni Chuma na Susi: anataka kujua walipata nini kwa kazi yao, na kwa nini hakufundishwa majina yao katekisimuni. Tumeahidi kuandika habari zao katika ukurasa huu mwezi ujao.